Nairobi ya Mume Wangu

Mume wangu aliijua Nairobi kabla ya kunijua mimi, na hilo alinikumbusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa dereva wa lori. Alipeleka kahawa na chai mpaka bandarini Mombasa, akarudi kwetu Gisenyi na chumvi, mafuta ya kula na majora ya vitambaa, na kila safari ilimpitisha Nairobi, ambako lori lilisimama siku nne au tano kungoja karatasi za forodha. Akifika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alianza. Nairobi kuna ngazi zinazopanda zenyewe, wewe unasimama tu. Nairobi kuna jengo refu la mviringo, ukiwa juu yake huwezi kujua aliye chini ni mwanamume au mwanamke. Nairobi simba wanalala mahali ambapo unaona ndege zikitua. Majirani walijaa sebuleni, watoto wakaacha madaftari, na mimi kwenye cherehani nilikanyaga pedali kwa nguvu ili nisisikie. Nilisikia yote.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kusikia, na nitaisema sasa hivi, maana sipendi mtu wa kuzungukazunguka. Niliamini mume wangu ana mwanamke Nairobi.

Wake wa madereva wote mtaani kwetu waliamini hivyo juu ya waume zao, na baadhi yao hawakukosea. Lakini wenzangu walikuwa na maneno ya watu tu. Mimi nilikuwa na ushahidi, tena wa kazi yangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani na binti wa fundi cherehani. Kifungo cha matundu manne nakishona kwa mistari miwili inayokwenda sambamba, haraka, nakata uzi, nashika kingine. Sare za shule hazina subira. Basi safari moja mume wangu akarudi na shati ambalo kifungo chake cha pili kilikuwa kimeshonwa na mkono mwingine. Uzi ulipita msalaba, ukazungushwa chini ya kifungo mpaka ukafanya shingo ndogo, na fundo likafichwa usilione. Kazi safi. Ilikuwa kazi ya mtu asiye na haraka, mtu aliyekaa na shati lile mapajani akiwa na raha zake. Safari iliyofuata kilikuwa kifungo cha mkononi. Baadaye ikawa suruali. Kwa miaka kumi na moja nilifua nguo zile, nikazipiga pasi, na sikusema neno. Wanaonijua hawaamini kwamba niliweza kunyamaza juu ya jambo lolote kwa miaka kumi na moja.

Miaka yake ya mwisho barabarani ilikuwa mibaya kwetu sote. Njia ya kwenda Ruhengeri ilitisha kwa vita, na mtu akitoka asubuhi tulimwombea dua ya kweli, si ya mazoea. Halafu mgongo wake ukamshinda. Akaacha lori, akafungua banda la kuuza tairi zilizotumika karibu na soko, akawa mtu wa kurudi nyumbani kila siku saa kumi na mbili. Mwaka wa tisini na tisa utulivu uliporudi, shule zilijaa tena, na sare nilizoagizwa zilikuwa nyingi mpaka nikaazima cherehani ya pili. Kazi ilipokwisha nilijikuta kwa mara ya kwanza maishani nina akiba isiyo na mwenyewe. Nikamkumbusha ahadi aliyonipa siku ya harusi.

"We ulisema utanipeleka Nairobi," nilimwambia asubuhi moja akinywa chai.

"Kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kwa nani?"

Swali hilo kwetu ni la haki kabisa. Mtu wa Gisenyi hasafiri kwenda kutazama nyumba za watu. Kutembea ni kwenda kwa mtu: kuna harusi, kuna msiba, shangazi wa Goma amelazwa, dada amejifungua. Hata watalii walipokuja kwetu kutazama ziwa, tuliulizana wana ndugu gani pale.

"Kwa hakuna mutu," nikamjibu. "Kuangalia tu, kama wazungu."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Halafu akajifuta mdomo. "Bon. Mi nitakuonyesha Nairobi yote. Ile mji naijua kama mufuko yangu."

Sikatai kwamba nilitaka kuyaona majengo na simba. Lakini zaidi nilitaka kumwona yeye, mwenye vifungo. Nilitaka kujua ana umri gani na ana sura gani, na mume wangu anaketi vipi anapokuwa kwake. Sikuwa nimepanga nitafanya nini baada ya hapo.

Siku mbili kabla ya safari alipanda milimani Mudende, akarudi na nusu gunia la viazi. Aliviweka mlangoni, vikiwa bado na udongo mweusi wa kule juu.

"Ni ya nani?" nikauliza.

"Hatuwezi kwenda mikono mitupu."

"Kwa nani, Baba Watoto, na tunakwenda kwa hakuna mutu?"

"Utaona tu," akasema, akaenda kutafuta kamba ya kufungia.

Mimi nikaingia ndani nikakaa kitandani. Mwanamume wa kwetu habebi viazi siku mbili ndani ya basi kwa ajili ya mtu wa kawaida.

Basi lilitupitisha Kampala, likatulaza huko usiku mmoja, kesho yake tukavuka mpaka wa Kenya. Ofisa wa forodha alifungua gunia, akatazama ndani, akatutazama sisi. Aliuliza kama tumesikia kwamba Kenya hakuna viazi. Mume wangu akamjibu kwa heshima zote kwamba viazi viko, ila hivi ni vya Mudende. Ofisa alifunga gunia mwenyewe, polepole, akatutakia safari njema.

Tulipanga chumba katika nyumba ya wageni katikati ya mji, jirani na msikiti, tukaweka viazi chini ya kitanda. Asubuhi mume wangu alivaa koti na kofia, akasimama barazani na mikono nyuma. "Leo ni musée," akatangaza, yaani makumbusho. "Iko na tembo mukubwa wa sanamu kwenye uwanja. Nifuate."

Nikamfuata. Tuliacha maduka, tukafuata barabara pana, tukazunguka mizunguko miwili ya magari. Tukapita maghala, kiwanda cha sabuni, uwanja wa vyuma chakavu. Jua likapanda. Viatu vyangu vya sherehe vikaanza kunibana kila kidole. Kila njia panda mume wangu alikaa upande wa nje kabisa, akageuka kwa duara kubwa, na mimi nyuma yake nikizunguka vilevile bila kujua kwa nini. Baada ya saa moja na nusu niliona njia nyembamba, nzuri, yenye kivuli cha miti, ikipita chini ya daraja la reli.

"Si tungepita pale?" nikauliza.

"Pale hapana. Ile daraja iko chini sana."

"Chini kwa nani?"

Alisimama. Alitazama daraja, akanitazama mimi kuanzia kilemba mpaka viatu. Nikaelewa: alikuwa ananitembeza Nairobi kwa njia za malori. Njia alizozijua ni zile zinazoruhusu mzigo wa tani thelathini, na sisi mzigo huo juu ya kichwa hatukuwa nao.

Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi kando ya barabara. "Makumbusho? Mmeiacha huko nyuma," akasema. "Mmetoka wapi?" Nilipomtajia msikiti, aliacha kupepea makaa. Kumbe kutoka kwenye chumba chetu ingekuwa mwendo wa nusu saa, kupanda mlima mdogo tu.

Tulifika makumbusho mchana tumechoka. Tembo wa sanamu alikuwepo kweli, mwenye pembe zinazokaribia kugusa chini. Mume wangu alimzunguka kwa furaha kubwa na kumgonga mguu. Alisema, "Si nilikuambia?" mara tatu. Tukaona nyoka kwenye vioo, tukaona ndege waliojazwa pamba, na mimi nikaona kwamba anasoma kila kibao kwa makini, midomo ikichezacheza, kama mtu ambaye hajawahi kufika. Furaha yangu ikapungua. Mtu aliyekuja mji huu miaka kumi na nane, siku tano kila safari, na haijui njia ya makumbusho, siku hizo tano alikuwa anazimalizia wapi? Jibu nilikuwa nalo. Alikuwa ndani ya nyumba ya mtu, anashonewa vifungo.

Ilipofika saa kumi na moja jioni wote wawili tulianza kuhangaika bila kuambiana. Tuliacha vyumba viwili vya mwisho, tukashuka mlima mbiombio. Tulipofika chumbani ndipo tulipotazamana tukacheka. Kwetu ukivuka kwenda Goma, upande wa Kongo, unajua bariyeri ya mpakani inafungwa saa kumi na mbili, na ukichelewa unalala ng'ambo. Maisha yetu yote nchi ya kigeni ilikuwa mahali pa kutoka kabla ya saa kumi na mbili. Siku nne zote za Nairobi, saa kumi na moja ikigonga, miguu yetu ilijigeukia yenyewe kuelekea chumbani. Hatukuwahi kuiona Nairobi ikiwasha taa ila kupitia dirishani.

Siku ya pili niliongoza mimi. Nilikuwa na mdomo, na Kiswahili changu cha nyumbani kilinitosha kuuliza njia, ingawa watu walikuwa wanatabasamu nikisema *iko* pasipo na *iko*. Tulikwenda kwenye bustani kubwa yenye ziwa dogo na mashua za kukodi, tukapigwa picha na mpiga picha wa pale. Alitupanga kama wachumba. Mume wangu alikataa kushika kiuno changu mbele ya watu. Akashika kofia yake kwa mikono yote miwili, na ndivyo tulivyo kwenye picha ile mpaka leo.

Baadaye tukazitafuta ngazi zinazopanda zenyewe. Tulizipata ndani ya jengo moja la maduka, zikipanda kwa mlio mdogo wa chuma. Mume wangu, aliyezisimulia kwa miaka kumi na nane, alisimama mbele yake akanyoosha mguu, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Watu wakaanza kutupita kushoto na kulia, msichana mmoja hata alikuwa anasoma gazeti.

"Panda," nikamwambia.

"Ngoja. Hizi ni mupya. Zile za zamani zilikuwa pole kidogo."

Nilimshika mkono, nikahesabu moja, mbili, tukaruka pamoja. Tulipanda na kushuka mara sita. Mara ya nne aliachia mkono wangu, mara ya sita aliweka mkono mfukoni akatazama pembeni kwa madaha. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikamsahau kabisa mwanamke wa vifungo kwa saa nzima. Nilimpenda mume wangu sana siku ile, na ndiyo maana jioni nilipolala huku harufu ya udongo wa Mudende ikinijia kutoka chini ya kitanda, niliumia zaidi.

Siku ya tatu aliamka mapema, akaswali, akavuta lile gunia akalikung'uta vumbi.

"Leo mi nakwenda kusalimia mutu," akasema. "We pumzika. Miguu yako imevimba."

"Haijavimba."

"Ni mbali. Na kule kuchafu."

"Ngoja nivae."

Nilivaa kitenge changu kipya, mshono wa mkono wangu mwenyewe, kola iliyokaa sawasawa. Nilipaka wanja. Nilijipaka manukato hata nyuma ya magoti. Kama ni kuonana, tuonane vizuri. Yeye alisimama mlangoni na gunia begani akinitazama kwa mashaka.

Njiani hakusitasita hata mara moja. Kushoto hapa, kulia pale, tukavuka reli, tukapita uchochoro wa mafundi bati. Mtu aliyekuwa haijui makumbusho sasa alitembea kama anakwenda chooni kwake, na kila hatua yake ya uhakika ilinichoma. Tukaingia lango la mabati. Ndani ulikuwa uwanja mkubwa wa udongo uliolowa mafuta ya injini, malori yamepangwa pua kwa pua, namba za Uganda, za Kongo, za kwetu. Mwisho wa uwanja kulikuwa na kibanda cha chai kinachofuka moshi. Mwanamke akatoka humo akifuta unga mikononi.

Alikuwa wa umri wangu, labda chini yangu kidogo. Mwenye meno mazuri. Nilimchukia kuanzia meno.

"Fundi," akasema kwa sauti ya juu. "Na vile ulipotea, tulifikiri umekufa." Halafu akaniona, akaangua kicheko. "Na huyu ndiye mama. Karibu, mama. Karibu kabisa." Alinikumbatia kabla sijajua niweke wapi mikono. Alipokea gunia kama mtu aliyezoea kulipokea, akalinusa. "Za kule kwenu kwa baridi. Nitapikia hawa watu leo wanyamaze."

"Kwa nini unamwita fundi?" nikamwuliza. Hata habari za asubuhi sikumpa. "Mume wangu ni dereva."

"Dereva wako wengi hapa, mama. Fundi alikuwa mmoja."

Alikuwa amevaa koti jeupe la kazi, lenye vifungo kutoka shingoni mpaka magotini. Alishika ukingo wa koti akanionyesha. "Hivi vyote ni yeye. Na nusu ya mashati unayoona hapa. Mtu akikatika kifungo mpakani Malaba anakishika mfukoni mpaka Nairobi, anasema nitamkuta Fundi kwenye yadi." Nikainama. Nikashika kifungo kimoja kwa vidole viwili, nikakipindua. Uzi umepita msalaba. Shingo ndogo imezungushiwa. Fundo halionekani.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama tairi la lori lililo karibu naye kwa bidii kubwa.

"Huyu alikuwa hatoki hapa," mwanamke yule akaendelea, akinimiminia chai. "Ukiacha gari hapa usiku mmoja, kesho hakuna turubai, hakuna mafuta kwenye tangi. Sasa wenzake wakitaka kwenda mjini, wanamwachia yeye malori. Yeye anakaa juu ya kabini na sindano yake. Wakirudi, anawaambia, haya, niambieni mmeona nini. Anauliza mpaka wanachoka."

Nikaweka kikombe chini. "Ngazi?" nikamwuliza mume wangu.

"Nilisikia," akasema.

"Simba wanaolala karibu na ndege?"

"Wale pia."

"Jengo la mviringo?"

Hapo aliinua uso. "Ile naiona," akasema, na akanyoosha kidole juu ya mapaa ya mabati. Lilikuwa kule mbali kweli, kahawia, jembamba, limesimama peke yake.

Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nini hasa. Nilimwuliza kwa nini alitudanganya miaka yote ile. Hakujitetea sana. Alisema, "Mi nimekaa siku tano kwenye kabini. Nikirudi, watoto wako mulangoni wananingoja, na wewe uko pale kwenye mashine, haunitazami. Niseme nini? Niseme nimeona turubai?"

Yule mwanamke aliinuka, akaenda kuosha viazi ambavyo havikuhitaji kuoshwa wakati ule.

"Na kushona alikufundisha nani?"

Alinishangaa kweli. "Si ni we. Zamani, ukiwa na mimba ya kwanza, ulikuwa unakaa kwenye mukeka unashona mashati ya ile duka, na mi niko na likizo. Ulikuwa unafanya hivi," na vidole vyake vinene vya usukani vikazungusha uzi usiokuwepo chini ya kifungo kisichokuwepo. "Halafu zikakuja sare za shule, ukaanza ile yako ya haraka. Mi nilibaki na ile ya kwanza."

Nilikumbuka. Baba yangu ndiye aliyenifundisha mshono ule, na nilikuwa nimeusahau kabisa, kwa sababu haulipi. Basi kwa miaka kumi na moja nilikuwa namwonea wivu msichana aliyekuwa mimi, na nilimtukana moyoni matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Machozi yalinitoka mbele ya madereva wa nchi nne. Mwenye kibanda akarudi akasema ni moshi, akaniletea kiti upande wa pili. Tulikula viazi mchana ule tukiwa watu kumi na wawili, na mume wangu alishona vifungo vitatu baada ya chakula, kwa kuombwa. Mimi nilimshikia uzi. Kazi yake ilikuwa bora kuliko yangu, na nilimwambia.

Siku ya nne, ya mwisho, tulikwenda kwenye jengo la mviringo. Mlinzi wa mapokezi alitupandisha na lifti pamoja na wageni wengine, tukatokea juu kwenye upepo mkali. Mji wote ulikuwa chini yetu. Ni kweli, huwezi kujua nani mwanamume nani mwanamke. Mume wangu alishika ukuta kwa mikono miwili akazunguka polepole, hatua kwa hatua, mpaka akaupata uwanja wa malori, kitu cha ukubwa wa leso, upande wa reli. Alikitazama kwa muda mrefu. Nikafikiri anakumbuka mambo yake.

"Jana ulilia," akasema bila kugeuka. "Ile haikuwa moshi. Ulilia kwa sababu ya kifungo. Kwa nini?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimechoka. Nilimweleza kila kitu: shati la kwanza, mkono wa pili, suruali, nusu gunia la viazi, wanja niliopaka. Alianza kwa kucheka, mabega yakimtikisika, akavua hata kofia ili aweze kucheka vizuri. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Miaka kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Kila mara nikirudi unaniwekea maji ya kuoga. Unanipikia samaki, sambaza ya ziwa. Unafikiria vile, na unanipikia."

"Ndiyo."

Aligeuka akautazama uso wangu kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama siku nyingine yoyote, na niliona kwamba amechomwa, na kwamba uongo wake wote juu ya ngazi na simba ulikuwa mdogo mbele ya huu wangu wa kunyamaza. Niliona haya. Nilitamani wale wageni wengine washuke watuache.

"Kwa nini haukuniuliza?"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Upepo ulivuta kilemba changu, akakishika yeye kabla hakijaruka, akanirudishia kichwani, akakikaza vibaya. "Donc uliza sasa," akasema.

"Si nimeona mwenyewe jana."

"Uliza."

Nilimwambia mimi si mtoto. Akangoja. Wageni walikuwa wanasogea kuelekea lifti, na mlinzi alikuwa anatuita kwa mkono. Nikashika ukuta. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotegemea, nikalazimika kurudia ili upepo usiimeze: una mtu mwingine huku Nairobi?

"Hapana," akasema.

Nikangoja aendelee, maana ni mtu wa kuendelea. Hakuongeza kitu. Tangu anijue, hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza aliloniambia juu ya Nairobi kwa neno moja.